Kabla Hujaliokota Jiwe: Ushauri kwa Mtafuta Visukuku wa Kiwangwa

Katika visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norway, wageni hupanda kila majira ya joto hadi ukingoni mwa mto wa barafu uitwao Longyearbreen, wakarudi na majani mfukoni. Majani yenyewe ni chapa zilizobaki ndani ya mawe, za miti iliyoota pale miaka ipatayo milioni 60 iliyopita, wakati nchi hiyo ya baridi ilipokuwa msitu. Hakuna anayechimba. Barafu ikiteremka taratibu huukwangua mlima, ikavunja tabaka zake na kumwaga vifusi bondeni. Mgeni hupekua vifusi hivyo tu, huku kiongozi wake amesimama kando na bunduki kwa hofu ya dubu weupe.

Picha za safari hizo huwafikia watu wetu kwenye simu, na swali linalofuata ni la haki kabisa: kwetu je? Mtu anayeishi Kiwangwa, kati ya mashamba ya mananasi na barabara ya Bagamoyo–Msata, anaweza kutoka asubuhi akakuta mabaki ya kiumbe cha mamilioni ya miaka? Anaweza, tena bila kwenda mbali. Ila kwanza afahamu ni nani huku anayefanya kazi ya barafu. Kwetu ardhi hufunuliwa na masika, na mito, na greda la barabara, na fundi wa kisima. Wafuate hao, uachane na habari ya kuchimba. (Barafu yetu ya Kilimanjaro haihesabiki hapa. Mlima ule ni volkano, na lava haihifadhi majani wala samaki. Anayepanda kule apande kwa mengine.)

Nchi iliyo nyuma ya Bagamoyo iliwahi kuwa chini ya bahari. Katika kipindi cha Jura, miaka kama milioni 170 iliyopita, bara kubwa la kusini liitwalo Gondwana lilikuwa linapasuka, Madagaska ikijitenga na Afrika ya Mashariki, na maji ya chumvi yakaingia kwenye ufa huo. Matope, mchanga na chokaa vilituama chini ya bahari hiyo kwa muda mrefu sana, pamoja na magamba ya viumbe waliokuwamo. Leo tabaka hizo zimelala zikiinamia upande wa mashariki. Kwa hiyo anayetoka Bagamoyo kwenda Msata, bila kushuka garini, anarudi nyuma katika umri wa ardhi: pwani kuna michanga na matumbawe ya juzijuzi, halafu tabaka kongwe zaidi, na huko karibu na Msata na Lugoba ndipo mawe ya Jura yanapojitokeza. Ukizidi kwenda magharibi unakuta miamba migumu yenye mistari na vimeta, iliyopikwa na joto la chini ya ardhi zamani kabla ya bahari hiyo. Hayo ndiyo mawe mazuri ya kokoto, na kisukuku humo hupati hata ukeshe.

Si habari mpya. Edwin Hennig, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dinosaria ya Tendaguru, alichapisha mwaka 1924 maandishi makubwa juu ya Jura ya kati ya bara lililo nyuma ya Dar es Salaam, na Kidugallo kwenye Reli ya Kati ni jina wanalolijua wanajiolojia wa nchi nyingi. Tatizo ni kwamba maandishi hayo yako kwa Kijerumani, katika maktaba za mbali, ilhali anayepita kwenye mawe yenyewe kila siku ni mchunga ng'ombe na mwanafunzi wa sekondari.

Sasa niwaudhi kidogo wakulima wa Kiwangwa. Shamba zuri la nanasi ni mahali pabaya pa kutafutia visukuku. Nanasi hupenda udongo wa kichanga, unaopitisha maji haraka, wenye uchachu wa tindikali. Uchachu huo huo huyeyusha chokaa, na gamba la konokono wa baharini ni chokaa tupu. Mfupa nao hauvumilii. Basi usipoteze siku ukipekua matuta ya mananasi. Teremka. Tafuta mahali ambapo mchanga wa juu umekatwa na maji hadi ukaonekana udongo wa mfinyanzi wa kijivu au wa manjano-kijani, unaopasuka nyufa kiangazi na kunata viatuni masika. Njia rahisi ya kuupata ni kuuliza madereva wa bodaboda na wa malori ya mananasi wapi wananasa mvua zikinyesha. Watakutajia bila kusita, tena kwa uchungu. Nenda huko kiangazi, uangalie kingo za makorongo yaliyo jirani.

Wakati ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Korongo lililooshwa na masika limejaa vitu vipya mwezi Juni, lakini nyasi nazo zimekuwa ndefu na huoni unapokanyaga. Mwezi wa Septemba nyasi zimepungua au zimeungua, ila wengine wamekwisha kupita na ng'ombe wamekwisha kukanyaga. Mimi napendelea kingo tupu za makorongo mara tu baada ya masika, na sehemu tambarare nazingoja hadi karibu na vuli. Nenda alfajiri au jioni jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni hutoa vivuli, na mbavu ndogo za gamba zisizoonekana saa sita mchana zinajichora zenyewe. Tembea ukipanda korongo, yaani kutoka chini kwenda juu. Ukiokota kipande chini, hakikutoka hapo, kimesombwa. Kipande cha pili kikionekana juu yake, unakaribia. Vikiacha kuonekana, umepita tabaka lenyewe, rudi hatua chache uangalie ukuta.

Fundi wa kisima ana uzito wake hapa. Yeye ndiye mtu pekee kijijini anayefika mita 10 au 20 chini kwa mikono yake, na anayajua matabaka kwa jembe: hapa mchanga, hapa mfinyanzi mwekundu, hapa udongo wa buluu wenye harufu. Ukisikia kisima kinachimbwa, nenda ukasalimie, nunua soda, na umwombe jambo moja tu: udongo unaotoka usimwagwe wote mahali pamoja, bali umwagwe mafungu mafungu kwa kufuata kina. Haimgharimu chochote. Jioni utapekua mafungu hayo ukijua kila gamba lilitoka futi ya ngapi, na hilo hata mtafiti mwenye shahada zake angelionea wivu. Usishuke kisimani wewe mwenyewe. Kuta huporomoka, na hewa ya chini wakati mwingine haivutiki.

Mashimo ya kifusi yaliyochimbwa wakati wa ujenzi wa barabara ni mazuri pia, ila yameachwa na kuta za wima. Simama mbali na ukuta, pekua kilichoanguka. Kando ya barabara kuu usikwangue mteremko hata kidogo. Mteremko huo unaishikilia lami.

Utakachokiona kwanza, ukibahatika, ni magamba: chaza wenye ganda nene, kome, konokono waliojaa jiwe ndani. Halafu kuna amonaiti, gamba lililojikunja bapa kwenye duara, lenye mbavu zinazotoka katikati kwenda nje. Mwenyewe alikuwa jamaa ya ngisi na pweza, akiishi kwenye chumba cha mwisho cha gamba lake, na ukoo wake wote ulikwisha miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria. Ukiona mistari iliyopindapinda juu ya jiwe la mkunjo, hiyo ni mishono ya kuta za vyumba vyake, na hapo huna haja ya kubisha: ni amonaiti. Belemnaiti ni kipande cha mviringo kilichochongoka ncha moja, umbo la risasi, kizito kuliko ukubwa wake. Ukikivunja, ndani kina nyuzi zinazotoka katikati kwenda kando. Nacho kilikuwa sehemu ya ndani ya mnyama wa jamii ya ngisi. Watu wengi hukikanyaga wakidhani ni kipande cha kigae.

Mfupa ni habari nyingine, na huku ni nadra. Jiwe likiwa na vitundu vidogo vidogo upande wa ndani na ganda gumu laini upande wa nje, anza kushuku. Wako wanaoligusisha ulimi, kwa kuwa mfupa wa kale hunata. Mimi sikushauri, hasa kwenye korongo wanamopita mbuzi.

Vinavyodanganya ni vingi kuliko visukuku vyenyewe. Kila mwaka kuna mtu anayetangaza mayai ya dinosaria, na karibu kila mara ni madonge ya chokaa au chuma yaliyojiviringa yenyewe ndani ya matope. Ukilipasua moja (la kawaida, si lililo la pekee) utakuta jiwe tu, au nyufa zilizojaa fuwele. Mizizi ya miti iliyozungukwa na chokaa hufanana na mifupa ya mkono hadi inatisha. Michoro myeusi iliyotandaa kwenye ufa wa jiwe na kufanana na majani ya jamii ya gugu la majini ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji, wala hapakuwa na jani. Jani la kweli lina mshipa mkuu na mishipa midogo inayotawi kwa utaratibu. Gamba kubwa jeupe la konokono wa shambani ni la mwaka jana, limepaushwa na jua. Na kipande cheusi kizito chenye mapovu si kimondo. Ni mavi ya chuma, ushahidi kwamba mtu aliyeyusha chuma hapo. Mwambao huu ulikuwa na wakulima na wafua chuma kuanzia miaka kama 2,000 iliyopita, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwaandikia kitabu mwaka 1994. Ukiyaona mavi ya chuma pamoja na vigae vilivyochorwa, umeacha jiolojia na kuingia akiolojia. Piga picha, usiguse.

Lakini kama ningeambiwa nimpe mtu wa Kiwangwa kisukuku kimoja tu cha kujifunza, nisingechagua amonaiti. Ningechagua sandarusi. Hii ni yetu. Ni utomvu wa msandarusi uliodondoka, ukafukiwa na mchanga, ukakaa ardhini hadi ukawa mgumu. Mara nyingi mti wenyewe umetoweka na utomvu umebaki. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa bidhaa kubwa ya pwani hii pamoja na pembe za ndovu. Watu wa bara la Bagamoyo na Uzaramo waliichimba kwa vishimo vifupi kwenye mchanga mwekundu, ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi. Biashara hiyo ilikuwa na uzito kiasi kwamba Marekani ilifunga mkataba na mtawala wa Unguja, Sayyid Said, mwaka 1833 na kumweka balozi mdogo, Richard Waters, Unguja mwaka 1837. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, aliandika kurasa nyingi juu yake, na akaeleza tofauti ambayo wafanyabiashara wa zamani waliijua kwa kidole: chakazi, yaani ile mbichi inayochumwa mtini au juu ya ardhi, ilikuwa na bei ndogo, iliyokaa ardhini ikakomaa ndiyo iliyotafutwa. Ile iliyokomaa ikisafishwa huonyesha uso wa vipelevipele, mithili ya ngozi ya kuku aliyenyonyolewa.

Ukipata kipande, kiweke mbele ya mwanga. Humo ndani wanaweza kuwamo mchwa wenye mabawa, mbu, buibui, nyuki wadogo wasiouma, hata chavua ya maua ya msitu ambao haupo tena. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na ndiyo sababu nakataa kabisa tabia ya kuisugua na kuipaka mafuta ing'ae kwanza. Unaposugua unakata miguu ya mdudu. Kata dirisha dogo upande mmoja kwa msasa laini wenye maji, utazame, basi.

Na usikubali kuuziwa au kuuza sandarusi kwa jina la kaharabu. Kaharabu ya Baltiki ina umri wa makumi ya mamilioni ya miaka. Sandarusi ni changa mno mbele yake, na soko la dunia limejaa udanganyifu wa namna hiyo. Kupima ni rahisi. Dondoshea tone la spiriti au dawa ya kufutia rangi ya kucha mahali pasipoonekana, ngoja kidogo, gusa. Sandarusi hunata, kaharabu hainati. Kioo utakijua kwa kutumbukiza kwenye maji yaliyokolezwa chumvi hadi chumvi ikakataa kuyeyuka: sandarusi na kaharabu huelea, kioo huzama, na plastiki nyingi huzama pia. Anayekukataza kupima, mwachie bidhaa yake.

Asiyeweza kutembea makorongoni aende Kaole. Misikiti na makaburi yale, yaliyoanza kujengwa karne ya 13, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe hayo ni kisukuku cha mwamba wa bahari. Simama ukutani uangalie nyota ndogo ndogo za vyumba vya viumbe vilivyoujenga mwamba. Kwa mwalimu mwenye darasa la watoto 60 hilo ni somo la bure, halina nyoka, na kila mtoto anaona.

Sasa adabu, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mwambao wetu una uvumi wa mali za Wajerumani zilizofukiwa, na kila anayeonekana akizunguka na sururu hushukiwa kuwa na ramani. Mwingine atadhani unapima ardhi ili umnyang'anye. Usiingie shambani kwa mtu bila hodi. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, jitambulishe, eleza kwamba unatazama mawe na huchimbi. Ukifika kwa mwenye shamba, amkia kwanza, mpe mzee shikamoo yake, kaa, ongea habari za mvua. Mawe yatakuja baadaye. Mwonyeshe unachotafuta kwenye picha. Mara nyingi bibi mmoja aliyeketi kimya ndiye atakayesema kwamba mawe ya hivyo yapo kule kisimani, na wajukuu wake wanayachezea. Ukiambiwa hapana, hapana ni hapana. Usije na sururu kabisa; inakupotezea uaminifu kabla hujafungua mdomo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayahesabu mabaki ya kale ya binadamu, ya wanyama wenye uti wa mgongo na ya mimea kuwa urithi unaolindwa. Kuchimba kunahitaji leseni, kuyatoa nje ya nchi kunahitaji leseni, na anayeyakuta anatakiwa kutoa taarifa. Kwa mfupa, jino, jani au gogo lililogeuka jiwe, basi, hakuna mjadala. Mjomba aliyekuja likizo kutoka Uingereza akitaka kuondoka na ukumbusho, mpe nanasi, au picha. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani haokotwi hata kokoto, na kwenye misitu ya hifadhi ulizia kwanza kwa wenyewe. Anayetaka kufanya utafiti rasmi apitie Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo kikuu.

Hata hivyo sheria si sababu kubwa inayonifanya niseme usiokote. Sababu ni kwamba jiwe likishahama mahali pake limepoteza sehemu kubwa ya kile lilichokuwa linajua. Amonaiti iliyo ndani ya ukuta wa korongo inasema tabaka hili ni la umri fulani, bahari ilikuwa na kina fulani, na jirani zake walikuwa hawa. Amonaiti iliyo kwenye kabati la sebuleni inasema tu kwamba mwenye nyumba anapenda vitu vya duara.

Angalia yaliyotokea Tendaguru, Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa ya dinosaria imechomoza ardhini. Hakuibomoa, alitoa taarifa. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ulioanza chini ya Werner Janensch na Hennig, ulichimba na kutoa zaidi ya tani 200 za mifupa, na kila shimo lilipewa alama yake na kuchorwa kwenye ramani. Kazi hiyo ilisimamiwa uwanjani na mtu wetu, Boheti bin Amrani, na mamia ya vibarua ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Mifupa ilifungwa kwa plasta na mianzi, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini Lindi. Mnyama aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kama mifupa ilistahili kuondoka au la ni ugomvi ambao haujaisha, na mimi naona ulipaswa kuwa mkali zaidi. Lakini angalau alama za mashimo zimebaki, na hadi leo wataalamu wanarudi kwenye daftari zile kujua nani alilala karibu na nani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa bonde la Rukwa. Mwaka 2004 mifupa ilionekana imetokeza kwenye ukuta wa mto Mtuka. Haikung'olewa kwa siku moja. Timu ya Watanzania na wageni ilirudi mwaka baada ya mwaka hadi 2008, na mwaka 2019 dinosaria huyo akatangazwa kwa jina Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa ajili ya mto huo na kwa ajili ya pingili ya mkia wake yenye umbo la moyo. Mtu mmoja mwenye pupa na sururu angelitosha kuwanyima wote hao kazi yao.

Basi ukiona kitu, simama. Weka sarafu ya shilingi 200 kando yake iwe kipimo, piga picha ya karibu, halafu rudi nyuma upige picha inayoonyesha ukuta mzima, halafu nyingine inayoonyesha korongo na mti unaotambulika. Fungua ramani ya simu uandike viwianishi vya mahali kwenye daftari, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huenea ukilowa na simu huibiwa. Andika tarehe, kijiji, jina la kitongoji, kimo kutoka chini ya korongo, rangi ya tabaka la juu na la chini. Andika pia kama kipande kilikuwa ukutani au kilikuwa kimelala chini. Daftari ndilo kifaa chako kikubwa. Vingine ni kofia, maji ya kutosha, viatu vya kufunika vifundo, lenzi ndogo, brashi ya kupakia rangi isiyotumika, magazeti na mifuko ya karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, na hata isingepigwa nisingekushauri, kwani hufanya mfinyanzi utoe jasho na gamba kumong'onyoka.

Kwa vipande vya magamba vilivyokwisha sombwa na maji, na mwenye ardhi amekubali, kuchukua kimoja cha kufundishia darasani sioni ubaya. Kila kipande na karatasi yake yenye namba, namba hiyo hiyo daftarini. Kipande kisicho na namba usikiweke pamoja na vyenye namba.

Hatari zake zinajulikana, nitazitaja kwa haraka. Kifutu hulala kati ya mawe na hakimbii akisikia hatua. Tazama kabla ya kuweka mkono, na usiinue jiwe kwa vidole upande wako, liinue ukilivuta kwako ili mwanya ufunguke upande wa pili. Kandokando ya mto Wami kuna mamba na viboko, kwa hiyo kingo zake ziache hata kama zinavutia. Ukuta wa mfinyanzi uliolowa huanguka bila onyo. Nenda wawili, na mwambie mtu wa tatu mnakokwenda.

Taarifa ipeleke kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya Mambo ya Kale Bagamoyo. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, wanapokea pia, na kwenye idara za jiolojia na akiolojia za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo watakaofurahi. Tuma picha zote tatu na viwianishi. Jibu linaweza kuchelewa. Usikasirike ukaenda kuchimba mwenyewe kuwaonyesha, na usiweke mahali penyewe kwenye mitandao kabla wataalamu hawajafika. Picha ya jiwe weka, jina la kitongoji ficha.

Kama mvua zinakaribia na kitu kiko wazi, kifukie. Hata nyayo za mababu wa binadamu huko Laetoli, zilizofunuliwa mwaka 1978 na 1979, zilifukiwa tena ili zisiharibike, na huko kuna funzo la kitaalamu: udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga, migunga ikaota, mizizi ikaanza kutishia nyayo zenyewe, na kazi ikabidi irudiwe miaka ya 1990. Kwa hiyo tumia mchanga wa mtoni uliochekechwa, tandika kwanza kitambaa au gunia safi, mwaga mchanga taratibu, panga mawe machache juu. Pima kwa hatua umbali hadi kwenye mti au mwamba usiohama, andika, piga picha ya mwisho. Vuli ikipita, rudi uangalie kama kuna kilichoota, ukaking'oe kingali kichanga.